Anayetafuta mtu hafungui mtoto wa meza

Swali ninaloulizwa kuliko yote tangu nianze kazi ya usaidizi wa kisheria hapa mtaani kwetu Mombasa ni kama polisi wanaruhusiwa kuingia nyumbani kwa mtu bila hati ya mahakama. Muulizaji hutaka ndiyo au la. Nikimjibu kwamba mara nyingine wanaruhusiwa, hunikazia macho kana kwamba nimeshahongwa. Vijana wa maskani waliosoma Katiba kwenye simu wanaamini kuwa bila karatasi ya hakimu askari hakanyagi kizingiti. Wazee wao wanaamini kinyume: serikali ni serikali, ikigonga fungua na unyamaze. Imani zote mbili nimeona zikiwaumiza watu. Ya vijana ilimvunja mkono jirani yetu mmoja aliyeziba mlango kwa kifua huku akiwasomea askari Kifungu cha 31. Ya wazee humfanya mtu aagane na televisheni yake, akiba yake na wakati mwingine mwanawe, na kesho yake asiweze hata kueleza ni askari gani waliokuja.

Mimi, kabla polisi hawajaja kwetu, sikuwa upande wowote. Nilikuwa mwalimu wa chekechea, na nilichokijua kuhusu polisi ni kile anachokijua kila abiria wa matatu.

Msako wa kwetu ulikuja baba akiwa na wiki chache tu kaburini. Mamangu alikuwa eda. Mjane wa Kiislamu hukaa miezi 4 na siku 10 baada ya kufiwa na mume, na kwetu mama alizikaa kwa desturi za kale: chumbani mwake, haonani na mwanamume asiyekuwa maharimu wake, yaani ndugu asiyeweza kumuoa. Hata mafundi wa maji walipokuja tuliwasimamisha uani mpaka mlango wake ufungwe.

Saa kumi na nusu alfajiri, kabla ya adhana, mlango wa mbele ukapigwa na kitu kigumu. "Polisi! Fungua!" Nikauliza kupitia dirishani, "Mwamtafuta nani?" Wakataja jina la mtoto wa dadangu, kijana wa bodaboda. Nikawaambia hakai hapa, yuko kwa babake Likoni, na hapa huja Ijumaa kumjulia hali bibi yake. "Fungua, mama, ama tuvunje." Nikafungua. Sikuwakaribisha, wala sikupisha. Nilisimama pale pale kizingitini, wa kwanza akanipita kwa bega. Jambo hilo dogo la kutopisha lilikuja kuulizwa mahakamani, nami sikuwa nimelifanya kwa ujuzi wowote. Miguu ilikuwa imekufa ganzi.

Wachache walikuwa na sare, wengine ni askari kanzu. Walichungulia chini ya vitanda, wakafungua kabati la nguo, mmoja akapanda darini na tochi. Hapo sina neno, mtu hujificha huko. Kisha mmoja wao akavuta mtoto wa meza ya cherehani, akamwaga vifungo na nyuzi sakafuni. Mwingine akafungua kopo la maziwa ya unga tulimokuwa tukiweka michango ya matanga, akachungulia, akalitia kwapani.

Kwenye mlango wa chumba cha mama, dadangu aliwatangulia. "Humo mna mjane yuko eda. Mpeni nafasi ajisitiri, kisha muingie mtakavyo." Askari mmoja wa sare, mtu mzima, alisita na kuwaambia wenzake wangoje. Yule aliyekuwa na kopo kwapani akaupiga mlango teke. Yaliyofuata mama amenikubalia niyataje, lakini hataki niyaeleze, kwa hiyo nayaacha hapo.

Waliondoka na kompyuta ya dadangu, simu, na lile kopo. Hawakuacha hata kijikaratasi.

Nyumba ya pili kutoka kwetu palikuwa na mzee aliyestaafu ukarani wa mahakama. Alikuja baada ya sala ya alfajiri, akaitazama bawaba iliyong'oka, akanipa pole fupi, halafu akaomba daftari la shule. "Andika sasa hivi, mwanangu, kabla hujanywa chai. Ukishakunywa chai utaanza kusimulia, na ukishasimulia mara tatu hutajua tena ulichokiona na ulichokisikia kwa majirani." Nikaandika. Ilikuwa saa ngapi, na nimejuaje kuwa ni saa hiyo. Waliita mara ngapi kabla ya kusukuma. Walisema wamemfuata nani, na walisema ni kwa kosa gani (hawakusema). Nani alisimama wapi. Kitu gani kilifunguliwa, na nani, na kipi kilitoka nje ya nyumba. Namba ya gari aliiona kijana wa duka la mkabala. Aliiandika mwenyewe kwa mwandiko wake. Karani hakukubali nimwandikie. Mmoja wa waliovaa sare alikuwa na namba yake ya kazi kifuani, na dadangu, ambaye ni keshia na namba haimtoki kichwani, alikuwa ameishika. Akatuchoresha ramani ya nyumba. Akatukataza kumwita fundi wa mlango mpaka picha zipigwe.

Nilimwona mzee wa ajabu. Sisi tuna msiba juu ya msiba, yeye anataka ramani.

Siku zilizofuata ndipo aliponisomesha. Alinianzisha na jambo ambalo sikulipenda: askari wale walikuwa na njia halali ya kuingia kwetu bila hati. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ana haki ya faragha, ikiwemo nafsi yake, nyumba yake au mali yake kutopekuliwa, na vitu vyake kutochukuliwa. Lakini haki hiyo haimo katika orodha fupi ya haki zisizoguswa kabisa, ile ya Kifungu cha 25. Inaweza kuwekewa mipaka na sheria, ilimradi mipaka yenyewe iwe ya busara na yenye sababu. Na sheria ipo. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, kifungu cha 22, inampa askari mwenye mamlaka ya kumkamata mtu, anapokuwa na sababu ya kuamini kuwa mtu huyo yumo ndani ya nyumba fulani, haki ya kudai afunguliwe. Nyumba si lazima iwe ya mtuhumiwa. Anayeishi humo ana wajibu wa kufungua. Askari akizuiwa, na kama kwenda kutafuta hati kungempa mtuhumiwa mwanya wa kutoroka, anaweza kuvunja mlango au dirisha. Ila kabla ya kuvunja lazima ajitambulishe, aseme ana mamlaka gani na amekuja kufanya nini, na aombe kufunguliwa.

Ndiyo maana yule jirani yetu wa mkono uliovunjika hakuwa na kesi nzuri kama alivyofikiri. Kifungu cha 31 alikisoma vizuri. Cha 22 hakuwa amekisikia.

Halafu karani akaniwekea kidole kwenye mstari mmoja wa kifungu hicho hicho, nikalia. Sheria inasema kwamba chumba kikiwa kinakaliwa na mwanamke ambaye kwa desturi haonekani hadharani, na si yeye anayekamatwa, askari kabla ya kuingia lazima amjulishe kuwa yuko huru kutoka, na ampe kila nafasi ya kufanya hivyo. Baada ya hapo ndipo anaweza kuvunja na kuingia. Maneno hayo Waingereza waliyachukua kwenye sheria zao za Uhindini, ambako walitawala wanawake wa purda kabla ya kuja kututawala sisi. Sheria ya kikoloni, ya watu wasiokaa eda, ilikuwa imemwekea mamangu dakika mbili tatu za kujisitiri. Dadangu aliziomba dakika hizo bila kujua kuwa ni haki yake, na askari mtu mzima akataka kuzitoa, nadhani naye bila kujua.

Jambo la pili alilonifundisha ni hili la kichwa cha simulizi. Ruhusa ya kuingia bila hati hukatwa kwa kipimo cha kile kinachotafutwa. Aliyekuja kutafuta mtu anaweza kuangalia kila mahali panapoweza kuingia mtu. Kabati la nguo, sawa. Pipa kubwa la maji, sawa. Kijana wa kilo 70 hajifichi ndani ya mtoto wa meza wala kopo la maziwa. Mkono ulipoingia kwenye mtoto wa meza, kazi iliyowaingiza ilikuwa imekwisha na kazi nyingine imeanza, na hiyo nyingine ina masharti yake.

Kazi hiyo nyingine ni kutafuta vitu. Njia ya kawaida ni hati ya upekuzi, ambayo watu wetu huiita waranti. Kwa kifungu cha 118 cha Sura ya 75 ile ile, askari humwendea hakimu, akaeleza kwa kiapo anachokitafuta, mahali kilipo, na kwa nini ni lazima kwa uchunguzi. Hata akiipata, kifungu cha 119 kinasema hati hiyo hutumika baina ya kuchomoza na kuzama kwa jua, siku yoyote, Jumapili ikiwemo, isipokuwa mahakama yenyewe imeruhusu saa nyingine. Watu wengi hawajui kuwa hata hakimu hutazama saa. Msako wa alfajiri ya giza, ukiwa na hati, lazima hati yenyewe iseme hivyo.

Njia isiyo ya kawaida iko katika Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, kifungu cha 60, na hiki ndicho ninachokibeba mkobani mpaka leo. Askari anayechunguza kosa, akiwa na sababu za maana za kuamini kuwa kitu anachokihitaji kimo mahali fulani, na kwamba kuchelewa kutafuta hati kutaharibu uchunguzi kwa kiasi kikubwa, anaweza kuingia na kupekua bila hati. Kuna sharti. Kwanza aandike sababu za imani yake hiyo, na aeleze kadiri anavyoweza kitu anachokwenda kutafuta. Aandike kabla ya kuingia. Awe na kitambulisho chake cha kazi ya upolisi, akionyeshe kwa mwenye nyumba akiombwa. Akichukua kitu, akiandike papo hapo, na kitu hicho kifikishwe mbele ya hakimu bila kuchelewa.

Kwa hiyo ukiona askari kaingia bila hati, usidhani yuko nje ya sheria ya karatasi. Kuna karatasi mbili tatu alizopaswa kuzitengeneza yeye mwenyewe, na hizo ndizo hakimu atakazozitafuta.

Nilikwenda kituoni kuandikisha malalamiko. Jina la kituo si muhimu. Aliyekuwa mezani aliniuliza ninamshtaki nani, nikamwonyesha namba ya kazi iliyoandikwa daftarini. Uso wake ulibadilika kidogo tu, lakini alivuta kile kitabu kikubwa cha matukio na kunipa namba ya OB. Kabla ya hapo alikuwa ameniambia nirudi wiki ijayo. Sheria hiyo ya 2011, katika jedwali lake la matumizi ya nguvu, inamtaka askari wa sare awe na jina au namba inayoonekana wazi wakati wote. Sasa najua kwa nini wengine huzifunika.

Mpwa wangu alishikwa Likoni asubuhi ile ile na akapelekwa mahakamani ndani ya zile saa 24 za Katiba. Shtaka lilikuwa wizi wa pikipiki. Upande wa mashtaka ulikuwa na shahidi mmoja wa kumtambua, na bamba la namba ya pikipiki lililosemekana limepatikana nyumbani kwetu, ndani ya mtoto wa meza.

Nilipolisikia hilo mahakamani nilitetemeka. Mtoto wa meza ile nimeifungua maisha yangu yote.

Wakili wetu, kijana aliyetukubalia malipo ya kidogo kidogo, alinieleza barazani kwamba ingekuwa zamani tusingekuwa na pa kushika. Akanisimulia Kuruma mwana wa Kaniu, Mkenya wa wakati wa Hali ya Hatari, enzi za Mau Mau. Alikuwa akitoka kwa baiskeli shambani kwa mwajiri wake siku ya mapumziko, akapita penye kizuizi cha polisi. Askari waliompekua walikuwa chini ya cheo kilichotakiwa na kanuni. Wakasema wamemkuta na risasi 2 na kisu kidogo cha mfukoni. Kisu hakikuletwa kortini kamwe. Alihukumiwa kifo, na kesi ilipofika kwa Baraza la Malkia kule London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, wakuu wale walisema kinachotazamwa ni kama ushahidi unahusiana na kesi. Ulivyopatikana si hoja. Uamuzi huo, unaotajwa vitabuni kwa mwaka 1955, ulisafiri dola nzima ya Mwingereza. Wanafunzi wa sheria wa mabara mengine hulisoma jina la Mkenya huyo, na wengi wetu nyumbani hatujawahi kulisikia.

Katiba ya 2010 ndiyo iliyobadilisha mambo. Kifungu cha 50(4) kinasema ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki yoyote iliyomo katika Sura ya Haki utakataliwa ikiwa kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki, au kutadhuru utoaji haki kwa namna nyingine. Ile "ikiwa" ndiyo shida yake. Hakimu hupima, na nimeona mahakama nyingine zikisema ndiyo, askari alikosea kuingia, lakini kielelezo tunakipokea. Anayekuahidi kuwa kila msako mbovu huua kesi anakuuzia maneno.

Kwetu hakimu alipima namna hii. Wakili alimuuliza afisa mpelelezi: kabla ya kuingia uliandika wapi sababu zako? Akasema alikuwa na habari kutoka kwa mpasha habari. Hakuulizwa hilo; akaulizwa tena aliandika wapi. Hakuna. Ulikuwa ukitafuta nini? Mshtakiwa. Mtoto wa meza una upana gani? Kiongozi wa mashtaka akapinga swali, hakimu akamwambia shahidi ajibu. Orodha ya vilivyochukuliwa iko wapi? Ikatolewa moja, imesainiwa na mpwa wangu kituoni, mtu ambaye hakuwepo nyumbani wakati wa msako. Kompyuta, simu na kopo havikuwemo kabisa katika orodha hiyo. Kisha nikaitwa mimi na daftari langu, na kijana wa duka, na dadangu. Niliulizwa na upande wa pili kama niliwaruhusu kuingia. Nikasema nilifungua kwa sababu walisema watavunja, na kwamba sikuondoka mlangoni. Hakimu aliandika hilo kwa kirefu, kwani mashtaka walikuwa wamejenga hoja kuwa tuliridhia.

Bamba lilikataliwa. Yule shahidi wa kumtambua naye alipokuja alisema ilikuwa giza. Mpwa wangu akaachiliwa chini ya kifungu cha 210 cha Sura ya 75, kwamba hana kesi ya kujibu.

Mtaani haikupokewa kwa vigelegele. Mwenye pikipiki ni mtu tunayemjua, ana mke na watoto, na mkopo wa pikipiki ile aliendelea kuulipa wakati hanayo. Alinisimamisha njiani akaniambia, bila ukali, "Mwalimu, nyinyi mmeshinda kwa karatasi." Sikuwa na jibu la kumridhisha siku hiyo. Nimelifikiria sana baadaye, na ninachokiona ni kwamba hata yeye aliibiwa na msako ule. Afisa angekwenda kwa hakimu asubuhi, akarudi na hati saa tatu jua likiwaka, na mjumbe wa nyumba kumi akisimama pale kushuhudia, na bamba likawa kweli limo ndani ya meza yetu, mpwa wangu angekuwa na la kujibu. Kama halimo, mwenye pikipiki angejua aelekee kwingine. Sasa hakuna anayejua, na mwizi, awe nani, anaendesha.

Ng'ambo ya mpaka, Tanga, tunako jamaa. Wao huniambia huko mtu wa kwanza kutafutwa wakati wa upekuzi ni mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, awe shahidi huru, na kwamba stakabadhi ya vitu vilivyochukuliwa husainiwa na mwenye nyumba pamoja na mashahidi. Huko nako polisi huweza kupekua bila hati ya mahakama pakiwa na dharura, na mawakili wa utetezi hushinda au kushindwa kwa stakabadhi hiyo hiyo. Sisi Kenya tulianzishiwa Nyumba Kumi, mpango wa majirani kulinda usalama pamoja, mwaka 2013, lakini sijaona ikitumika kumlinda mwenye nyumba. Mara nyingi mzee wa mtaa ndiye anayewaonyesha mlango.

Najua kuna misako ambayo daftari haliifikii. Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, nyumba za mtaa wa Eastleigh, Nairobi, ziliingiwa mlango kwa mlango na maelfu ya watu wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Huko hakuna aliyeulizwa sababu zake ameziandika wapi. Agosti 2017, usiku wa ghasia za baada ya uchaguzi, polisi walirusha gesi na kuingia nyumba moja Nyalenda, Kisumu, wakapiga waliokuwamo, na mtoto mchanga wa miezi 6 akafa kwa majeraha. Uchunguzi wa hakimu ulipokamilika Februari 2019 ulisema polisi wanawajibika. Hakimu alifika hapo baada ya wazazi wale kusimama kortini na kusimulia walichokiona.

Baada ya kesi yetu nilihudhuria mafunzo ya wasaidizi wa kisheria, ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua, na chekechea nikaiacha. Kazi yangu kubwa ni misako midogo isiyotangazwa popote: mama muuza chang'aa, kijana anayevuta bangi, mpangaji wa chumba kimoja ambaye kitanda na jiko viko mahali pamoja, ambaye faragha yake yote ni pazia. Hapo mwanzo nilikuwa nikiwafundisha watu hoja za kumwambia askari mlangoni. Siku hizi hoja nimezipunguza sana. Saa kumi usiku askari hajaja kujadiliana, na mwenye hofu hawezi kukumbuka kifungu. Nawafundisha maneno machache ya adabu. "Afande, mwamtafuta nani? Naomba kuona kitambulisho. Sijakubali mpekue, lakini sitawazuia." Hilo la tatu ndilo zito, liseme mbele ya mashahidi hata kama sauti inatetemeka, kwa sababu wengi wa wateja wangu hupotea pale ambapo, kwa heshima tu za malezi, walisogea pembeni na kuashiria kiti, na kortini ishara ile ikaitwa ridhaa. Usishike mkono wa askari. Usifunge mlango kwa mwili. Mwanamke akitakiwa apekuliwe mwilini, apekuliwe na mwanamke mwenzake kwa staha. Hilo nalo liko kwenye Sura ya 75, na si fadhila.

Nawafundisha pia wasitie saini orodha wasiyoisoma. Kama askari ameandika vitu viwili na kachukua vitano, andika vile vitatu kwa mkono wako chini ya saini yako. Kama hakuna orodha, iandike wewe, majirani wasaini, na nakala ipelekwe kituoni ipate namba ya OB. Kisha malalamiko yaende kwa IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, ambayo ina ofisi hapa Mombasa. Hawatozi chochote.

Katika kikao kimoja cha wananchi na polisi, afisa kijana aliniuliza swali ambalo nililipenda: akipita usiku akasikia mwanamke anapiga mayowe ndani, asimame nje akiandika sababu? Nikamwambia avunje mlango, na mimi mwenyewe nitamletea soda. Uhai wa mtu unapokuwa hatarini sijui hakimu atakayemlaumu. Ila akishamwokoa yule mwanamke, asianze kufungua makopo jikoni. Wenzake walicheka; yeye hakucheka, aliuliza kama ninaweza kumpa nakala ya kifungu cha 60. Nikamtolea nakala siku ya pili yake.

Malalamiko yetu sisi yalijibiwa nusu. Kompyuta ilirudi kwa amri ya hakimu, kioo kimepasuka, na simu zikaja nayo. Kuhusu kopo, afisa aliyetajwa alieleza kwa maandishi kuwa hakumbuki kuliona. Nimemwandikia tena mkubwa wake, na safari hii nimeambatanisha ukurasa wa daftari ambapo dadangu, asubuhi ile kabla ya chai, aliandika kiasi kilichokuwamo noti kwa noti.